Dakika Tatu za Turbo: Kutoka Dar es Salaam hadi Butiama

Binamu yangu Mafuru alisema gari ninalokwenda kununua Dar es Salaam litaingia Musoma juu ya lori, limefunikwa turubai kama ng'ombe aliyekufia njiani. Majirani wa gereji yangu walisema mtoto wa mvuvi wa Kiriba hanunui gari la michezo, ananunua gari la kubebea dagaa. Lakini aliyenichoma zaidi ni Mzee Wambura wa Butiama, baba yake Wegesa, mwanamke ninayetaka kumwoa. Yeye alisema kwa upole, huku akichokonoa meno: "Mura, hilo gari nitaliamini siku likisimama uwanjani kwangu kwa magurudumu yake."

Aliniita mura, kijana, na mimi nina miaka thelathini na sita, stashahada ya ufundi wa magari na gereji yenye bati jipya. Niliondoka Kiriba na begi moja. Sikurithi mtumbwi wala ndama. Miaka kumi na miwili ya Dar es Salaam niliianza kwa kuosha magari ya watu na kuimaliza nikiyafungua injini, kisha nikarudi nyumbani kwa nauli yangu mwenyewe. Mtu wa namna hiyo haambiwi habari za magurudumu.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko gari. Mara mbili nilipanga siku ya kwenda kuposa na mara mbili nikaahirisha kwa ajili ya wateja. Mzee Wambura akatuma neno kupitia kwa Wegesa: Jumamosi hii ni ya tatu, na kwake mtu hasubiriwi mara ya nne. Tukakubaliana kwamba baba yangu mdogo na wazee wawili wa Kiriba watatangulia Butiama, mimi nitatokea Dar na gari langu jipya. Wegesa ni mwalimu, hapendi maneno mengi. Aliniambia, "Njoo na basi." Nikamjibu kwamba mwanamume aliyejijenga mwenyewe haendi kuposa kwa basi.

Sasa, nyinyi rafiki zangu mnaoniuliza kila siku nini kilitokea, na hasa wale wawili mnaotaka kununua gari kama langu, nawaandikia yote. Ushauri nimeuacha humo humo njiani.

Dar es Salaam: gari lililopashwa moto

Habari za makaratasi naziruka, hazina utamu. Gari lilikuwa la Kijapani, la bluu, milango miwili, na viti vya nyuma vinavyotosha mbuzi mmoja asiye na pembe. Kwenye boneti lina tundu la kuvuta hewa, kubwa kama mdomo wa sangara. Ndani yake kuna turbo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa injini hiyo hiyo, ili gari dogo liwe na nguvu za gari kubwa.

Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Nilifika saa nne asubuhi nikamkuta ameshaliwasha, linanguruma taratibu.

"Karibu, mhandisi," alisema. "Nimekupashia moto kabisa, usije ukapoteza muda."

Kwa kuwa mimi si mhandisi, ni fundi mwenye stashahada, nilimsahihisha. Sikumsahihisha haraka.

Nilikagua kila kitu, na nyinyi mkague hivyo hivyo. Nilitazama chini ya mfuniko wa oili kama kuna utelezi mweupe kama uji. Nilichomoa bomba la hewa nikashika ncha ya turbo kwa vidole viwili, nikaitikisa kama jino la mtoto. Ilicheza kidogo sana, nikasema ni umri. Nilinusa klachi. Nilichungulia uvunguni nikaona springi zimekatwa ili gari likae chini, na nikajiambia kwamba linapendeza. Nilitazama moshi, sikuona moshi. Boneti ilikuwa ya moto. Naomba mlikumbuke hilo la boneti, kwa sababu mimi wakati ule sikulikumbuka.

Watu wamesema nilidanganywa. Sikudanganywa. Niliheshimiwa kupita kiasi.

Jambo la mwisho ambalo kila mwenye turbo lazima alijue ni dakika tatu. Ukilikimbiza gari kisha ukalizima ghafla, oili inasimama wakati turbo bado ni ya moto kama jiko, nayo inaungulia humo ndani. Kwa hiyo ukifika unapokwenda unakaa, injini inanguruma polepole, unahesabu dakika tatu, ndipo unazima. Nilijiapia kwamba sitaivunja sheria hiyo kwa ajili ya mtu yeyote. Nilikuwa sijawafikiria wakwe.

Hadi Singida: dumu la alizeti

Niliondoka Alhamisi alfajiri kutoka kwa muuzaji, ambako gari lililala, naye alikuwa ameshanipashia moto tena. Mtu akisikia gari la michezo anadhani nilipaa. Nguvu zote zile zilitembea Chalinze mpaka Gairo nyuma ya lori la saruji, mwendo wa bibi harusi, kwa sababu kila kijiji kina alama ya hamsini na kila mwembe una askari mwenye kamera. Mmoja alinisimamisha. Nikatoa leseni, akairudisha bila kuisoma. Alitaka kuketi kwenye kiti cha dereva apigwe picha. Akaketi, kofia ikagusa dari, akaniuliza, "Hili mnalipandaga mkiwa wazima kabisa?"

Nililala Singida, kwenye nyumba ya wageni ya Mama Mwajuma, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Kuku wake wa kuchemsha na ugali wa uwele vilinisahaulisha lori la saruji.

Ijumaa asubuhi niliwasha gari likiwa baridi, mara ya kwanza tangu nilijue. Ukatoka moshi wa bluu, mzito, ukajaa ua mzima, ukafunika shuka saba zilizokuwa kwenye kamba. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka kikavu. Hapo ndipo stashahada yangu ilipozungumza: turbo inavujisha oili. Likiwa la moto, oili inaungua pole pole usiione. Likilala, oili inadondokea kwenye bomba na kungoja asubuhi.

"Kijana," alisema Mama Mwajuma, amesimama katikati ya moshi na mikono kiunoni, "hizo shuka utafua wewe."

Nikafua shuka saba. Nilipomaliza, madereva wa malori walikubali kunipimia oili kutoka kwenye pipa lao, ila sikuwa na chombo. Fundi wa kweli habebi oili, nilisema wakati naondoka Dar. Mama Mwajuma akaingia jikoni akatoka na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, limekwisha lakini halijaoshwa.

"Nakuazima, sikupi. Hili linanijua."

Nikaahidi kulirudisha. Tangu hapo kila oili iliyoingia kwenye injini yangu ilipitia dumu hilo, na moshi wa gari langu ukaanza kunukia maandazi.

Hadi Guta: vidole vitatu

Nilipita Nzega, Shinyanga na Bariadi nikisimama kila baada ya saa mbili kuongeza oili. Shinyanga nilikula michembe, viazi vitamu vya kukausha, Lamadi nilifukuzwa na nyani wawili waliofuata harufu. Jua likiinamia ziwa nikaingia Guta, karibu na Bunda, kumsalimu Shangazi Nyangi.

Huyu ni dada yake Mzee Wambura. Nyinyi wa nyumbani mnajua posa isiyopita kwa shangazi inavyokwama. Alikuwa amenisubiri mlangoni, amevaa kitenge kipya, na majirani wanne nyuma yake. Harufu ya sato wa kukaanga ilifika mpaka barabarani.

Mimi nilikuwa nimelikimbiza gari kutoka Lamadi, turbo ya moto sana. Nikasimamisha uwanjani, nikaacha injini ingurume, nikatazama saa. Shangazi akasogea hatua mbili na kusimama. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Ili asidhani nina dharau, nilitabasamu nikamwonyesha vidole vitatu.

Akawatazama majirani. Majirani wakatazama vidole. Nikaviinua juu zaidi, wavione vizuri.

Nilipozima na kushuka, nikapiga magoti kidogo na kusema shikamoo. Akaitika akiwa ametazama pembeni.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza, shangazi."

"Watatu tu?"

"Tatu zinatosha," nikasema. "Wengine wanasema mbili, lakini mimi napenda kwenda vizuri."

Jirani mmoja akashika mdomo. Nikaletewa ugali na dagaa. Yule sato niliyemnusa tangu barabarani hakutokea, na nilipoaga hakuna aliyenisindikiza. Nikadhani wamechoka na kilimo.

Kabasa: dawa ya mbu na mbao za Fundi Masatu

Mwenye kuposa halali kwa shangazi, kwa hiyo nililala nyumba ya wageni Kabasa, pale Bunda mjini. Jumamosi nimeamka navaa shati langu jeupe, Wegesa akapiga simu.

"Majura, umemwambia shangazi ng'ombe watatu?"

"Watatu wa nini?"

"Wa mimi."

Nilikaa kitandani.

"Zilikuwa dakika, Wegesa. Dakika za turbo."

"Nimemweleza. Anasema dakika hazionyeshwagi kwa vidole. Na ulikataa kushuka mpaka akubali."

"Mzee amesemaje?"

"Baba hajasema kitu. Baba mdogo wako na wazee wenu wameshafika. Wamekaa upande mmoja, wa kwetu wamekaa upande mwingine, hakuna anayeongea. Njoo saa sita. Na ukifika, ushuke."

Niliwasha gari kwa haraka, likiwa baridi, na moshi wa bluu ukatanda mtaa mzima. Nikiwa najaza oili, mama mmoja akatoka nyuma ya nyumba yake akipunga upande wa kanga.

"Kijana wa mbu, pitia na huku kwangu nyuma ya choo. Ndiko wanakozaliwaga."

"Mama, mimi si wa mbu."

"Sasa unapuliza nini?"

"Ni gari linavuta moshi."

"Hata lile la halmashauri lilikuwa gari." Akamgeukia mwenzake. "Ila hii dawa ya mwaka huu nzuri, inanukia maandazi."

Watu wakaanza kutoa magodoro nje na kufungua madirisha. Nilijaribu kueleza habari za turbo kwa lugha rahisi, mzee mmoja akanikatiza kwamba kila mwaka tunarukaga nyumba yake. Nikaona kubishana kutachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka chooni kwa yule mama, nikakanyaga mafuta mara mbili. Nikafanya nyumba nne. Walinishukuru, na kwa kweli mbu sikuwaona.

Mita mia mbili mbele nikakutana na tuta. Matuta ya nyuma yote nilikuwa nayavuka kwa upande, kama kaa. Hili lilikuwa limejengwa na mtu mwenye hasira. Gari likapanda kwa magurudumu ya mbele, likalala juu ya tumbo, likakaa. Ndiyo faida ya springi zilizokatwa: linapendeza hata likiwa limekwama.

Mkabala na tuta palikuwa na karakana ya Fundi Masatu, seremala wa majeneza. Alitoka na penseli sikioni, akazunguka gari mara moja, akarudi ndani, akaja na mbao mbili ndefu za mninga, zimepigwa msasa na vanishi, kila moja imechongwa msalaba.

"Weka chini ya magurudumu, lipande hewani," alisema. "Mpaka Kiabakari yako matuta kumi na kitu. Nenda nazo."

"Hizi ni za jeneza, fundi."

"Ni za ubavuni. Mwenyewe bado yupo, aliagizaga mapema. Lakini usichelewe."

Kiabakari: msiba usio na marehemu

Mbao hazikuenea ndani. Zilitokeza dirishani kila upande, misalaba ikitazama barabara. Kila kwenye tuta nilishuka, nikazipanga, nikavuka, nikarudi kuziokota, nikaendelea taratibu ili zisidondoke.

Nilianza kuona jambo geni. Waendesha baiskeli walikuwa wanasimama pembeni na kuvua kofia. Bodaboda tatu zilinifuata nyuma, taa zimewashwa, hazinipiti. Kina mama waliokuwa wanaanika mihogo waliacha kazi na kufanya ishara ya msalaba. Nilipofika Kiabakari, mahali pa kukata kwenda Butiama, nilikuwa naongoza msafara.

Mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu na rozari shingoni akainua mkono katikati ya njia. Akajitambulisha kuwa ni katekista.

"Pole sana, mwanangu. Ni nani amelala?"

"Hakuna aliyelala, katekista. Ninaenda kuposa."

Akazitazama mbao. Akawatazama watu wa bodaboda. Akanitazama mimi, na hapo nikajitazama pia: shati jeupe lilikuwa na oili kifuani, vumbi la matuta kumi na nne magotini, na alama ya kiganja ambayo sijui ilikuwa ya nani.

"Unaposa wapi?"

"Kwa Mzee Wambura, Butiama."

"Wewe ndiye wa ng'ombe watatu?"

Habari ilikuwa imenitangulia kilomita zote zile bila turbo. Nikaanza kueleza dakika, feni na oili inavyoungua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anayesikia maungamo. Kisha akavua koti lake akanivalisha mwenyewe, akalifunga vifungo vyote vitatu mpaka doa likapotea.

"Hili nalivaaga kwenye maziko na kwenye ndoa. Leo sijui ni ipi. Utalirudisha."

Wale wa bodaboda, waliposikia hakuna maziko, walikasirika kidogo. Mmoja alisema nimewapotezea petroli. Lakini wakanisukuma nilipokwama kwenye tuta la mwisho.

Butiama: Mzee Wambura na mnyama anayehema

Kilima cha kuingia Butiama nilikipanda kwa mwendo mkubwa, maana ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Turbo ilipiga mluzi. Sindano ya joto ilikuwa juu. Nikaingia uwanjani, nikaona viti vimepangwa safu mbili. Upande mmoja baba mdogo na wazee wa Kiriba, kofia zikiwa magotini. Upande mwingine wazee wa Butiama. Katikati Mzee Wambura, amesimama na fimbo. Wegesa alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mikono nyuma.

Gari lilikuwa limefika kwa magurudumu yake. Hilo nilikuwa nimelishinda. Lakini uso wa yule mzee haukuwa wa kutazama magurudumu. Alikuwa anatazama mkono wangu.

Niliiweka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimekunjwa. Nilijua turbo iko katika hali gani. Najua kila kipande kilichomo ndani yake, na nilijua kwamba kwa ilivyochoka, kuizima pale ni kama kuinyonga. Upande mwingine alikuwa Wegesa. Nikazima. Sikuhesabu hata moja. Nikashuka na koti la watu, nikaenda mpaka mbele ya mzee, nikainama.

"Shikamoo, baba."

Hakuitika. Alikuwa ameinamisha sikio kuelekea gari, ambalo lilikuwa linalia tik, tik, tik.

"Limepanda hiki kilima sasa hivi?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa mbio?"

"Kwa mbio."

"Na umelikata pumzi hapo hapo?"

Nikasema niliogopa kuonekana sishuki. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi nimelima na maksai tangu sijaota ndevu. Akimaliza mteremko na mpando, humfungui ukamwacha asimame wala humpi maji. Unamtembeza, anahema, anashuka pole pole. Ukimsimamisha ghafla anaanguka. Hizo ndizo dakika ulizokuwa unamwonyesha dada yangu?"

"Ndizo, baba. Tatu."

"Kawashe. Salamu hazikimbii."

Nikawasha. Nikaogopa lisiitike, likaitika. Na hivi ndivyo nilivyosalimia wakwe zangu: injini inanguruma, mimi napita safu kwa safu, na moshi wa bluu wenye harufu ya maandazi ukituzunguka. Wazee wa pande zote mbili wakakohoa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilofanya pamoja tangu asubuhi.

Dakika tatu zilipokwisha nikazima. Mzee Wambura akaweka kiganja kwenye boneti.

"Ulipoenda kulinunua, hapa palikuwa pa baridi au pa moto?"

Baba mdogo, ambaye hajui chochote kuhusu magari, akanijibia kwa kukohoa.

"Pa moto, baba."

"Mnadani sisi tunaendaga kabla ng'ombe hawajanyweshwa. Muuzaji mjanja anampa ng'ombe chumvi, anakunywa, tumbo linajaa, anang'aa. Ukifika saa nne unanunua maji." Akageukia wenzake. "Ana stashahada."

Walicheka mpaka mmoja akaomba asaidiwe kuokota fimbo. Wegesa aligeuka akaingia jikoni, mabega yanatikisika. Mimi pia nilicheka, ingawa si kwa muda mrefu kama wao.

Tukala ugali wa mtama na maziwa mgando, maneno ya posa yakasemwa, na mzee akasikiliza yote. Mwisho akaniuliza koti ni la nani. Nikamwambia. Akauliza mbao. Nikamwambia. Dumu je? Nikamwambia.

"Watu huja hapa mikono imejaa ndipo wanajibiwa," alisema. "Wewe umefika kwangu na vitu vya watu, kwa hiyo bado hujafika. Karudishe kila kimoja kwa mkono wako, na gari hili hili. Ukirudi mikono mitupu nitakujibu."

Kurudisha

Gari nililivuta mpaka Musoma kwa mwendo wa mamba. Wiki tatu nililifungua mwenyewe, nikaweka turbo nyingine ambayo nilikwenda kuikagua saa kumi na mbili asubuhi, ya baridi kama jiwe, muuzaji akiwa bado na mswaki mdomoni. Nikarudisha springi za kiwandani. Haliko chini tena. Linavuka tuta kama watu.

Katekista alipokea koti lake, akalinusa, akasema limechelewa kidogo, alikuwa na ndoa moja na maziko mawili katikati na yote alikwenda na sweta. Kabasa niliposimama, yule mama wa choo alinikimbilia kusema mbu wamerudi. Fundi Masatu alizipima mbao kwa kidole, akaona mkwaruzo mmoja.

"Mwenyewe alikujaga kuziulizia," alisema.

"Anaendeleaje?"

"Amekasirika. Hasira zimempa nguvu, sasa hivi yuko shamba."

Singida nilifika jioni hiyo hiyo. Mama Mwajuma alikuwa anatwanga. Nikamkabidhi dumu lililooshwa kwa maji ya moto. Alilitazama, akanitazama, akatazama gari.

"Umetoka Musoma kuleta dumu?"

"Nimetoka Musoma kuoa, mama. Dumu liko njiani."

Akacheka akaliweka jikoni, mahali palipokuwa na madumu mengine tisa yanayofanana nalo. Asubuhi niliwasha gari mbele yake na shuka zake hazikuona kitu. Akaniletea jogoo, amefungwa miguu. Nikakataa kwa adabu, akanitupia kitini.

Mtu anayetakiwa kufika mikono mitupu hafiki na jogoo. Safari nzima aliniangalia kutoka kiti cha pembeni. Nikapitia Guta, nikasimama uwanjani kwa Shangazi Nyangi, vioo wazi. "Shangazi, shikamoo, naomba dakika tatu za injini, halafu nashuka," nikasema kwa mdomo, mikono nimeikalia. Akasogea mpaka dirishani, akaitika, akatusubiri mimi na jogoo. Siku hiyo nilimpata sato wangu, mzima, na kichwa chake. Jogoo nikamwachia.

Nilipanda kilima cha Butiama alasiri. Wazee walikuwa uwanjani kwenye viti vyao, kina baba mdogo nao walikuwapo. Nilisimamisha gari nikaacha lingurume. Kabla sijafungua mlango, Mzee Wambura akaja mwenyewe, akafungua wa upande wa pili, akajikunja mara mbili mpaka akaenea, akaketi, fimbo katikati ya magoti. Akashika mikono yangu, akaigeuza, akatazama viganja, kisha nyuma yake, kama anayekagua kwato.

"Vyote?"

"Vyote, baba."

"Na la Singida?"

"La Singida nimelirudisha jana."

Akasikiliza injini. Moshi haukuwapo. Nje wazee walianza kuinuka vitini, hawajui kwa nini hatushuki. Wegesa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na safari hii mikono yake ilikuwa mbele, imeshika kata ya maji ya kumkaribisha mkwe.

"Wanataka kujua," nikasema.

"Wasubiri," alisema Mzee Wambura, "mwanangu anapumzisha gari." Akashusha kioo, akatoa mkono nje, akawaonyesha wazee vidole vitatu.